Mwakilishi wa Mfalme katika kaunti za Uingereza: dhana potofu na ukweli

Watu wetu wengi walioko Uingereza hukutana naye, au naibu wake, siku ya kula kiapo cha uraia. Cheo chake ni Lord-Lieutenant, na mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

Dhana: Ni kama Mkuu wa Mkoa.

Sivyo kabisa. Mkuu wa Mkoa wa Tanzania huongoza kamati ya usalama na maagizo yake hutekelezwa. Lord-Lieutenant huteuliwa na Mfalme kwa ushauri wa serikali, lakini hana polisi wa kuwaamuru. Barabara na shule si zake, zina halmashauri zilizochaguliwa na wananchi.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Cheo hiki kilianza karne ya 16, enzi za Mfalme Henry VIII, na mwenye nacho ndiye aliyekusanya mgambo wa kaunti vita ilipokaribia. Sheria ya mwaka 1871 ilimvua uongozi wa mgambo, na kufikia 1921 hakuweza tena kuwaita wanaume washike silaha. Kwa maoni yangu, kupokonywa huko kuliifaa sana kazi yake. Hagombei kura na hatakiwi kujihusisha na siasa za vyama, hivyo msikitini, kanisani na kambini anaingia bila mtu kujiuliza anatafuta nini.

Dhana: Ni mwanajeshi.

Sare ya wanaume inafanana na ya jenerali, ndiyo maana watu hukosea. Kupita jeshini si sharti.

Dhana: Lazima atoke ukoo wa kifalme au wa makabaila.

Kwa karne nyingi ilikuwa karibu hivyo. Hata mwanamke wa kwanza, aliyeteuliwa West Sussex mwaka 1975, alikuwa Duchess (cheo cha juu cha kikabaila) wa Norfolk. Lakini mwaka 2015 London ilimpata Ken Olisa, mfanyabiashara wa teknolojia mzaliwa wa Nottingham ambaye baba yake ni Mnigeria. Miaka miwili baadaye Bristol ikampata Peaches Golding, mzaliwa wa Marekani, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika cheo hiki.

Dhana: Analipwa vizuri.

Hana mshahara. Anajitolea, na akifikisha miaka 75 anastaafu.

Dhana: Kazi yake ni kumpokea Mfalme tu.

Kupanga ziara za kifalme ni sehemu moja. Hutoa medali kwa niaba ya Mfalme, na ofisi yake huchunguza vikundi vinavyopendekezwa kupewa Tuzo ya Mfalme ya Kazi za Kujitolea. Hapa ndipo jumuiya zetu zinapoteza nafasi. Kikundi cha watu wawili au zaidi, kilichofanya kazi miaka mitatu, kinaweza kupendekezwa na mtu yeyote asiye mwanachama wake. Kina mama wanaopikia wazee au wanaofundisha watoto Jumamosi wanastahili kabisa, ila lazima jirani mmoja ajaze fomu.