Kisigino na vidole: mafuta hayaongezwi ili gari lisimame
Wengi huamini kwamba dereva wa gari la spoti hukanyaga breki na mafuta kwa mguu mmoja (mbinu iitwayo kisigino na vidole) anaposhusha gia ili injini isaidie kupunguza mwendo. Si kweli. Kupunguza mwendo ni kazi ya breki. Mguso ule wa mafuta, klachi ikiwa imekanyagwa, hupandisha mzunguko wa injini ulingane na gia inayoingia. Tuseme uko gia ya nne, injini inazunguka mara 4,000 kwa dakika. Kwa mwendo uleule, gia ya tatu inaweza kudai 5,300. Ukiachia klachi ghafla bila kuziba pengo hilo, magurudumu ndiyo yanayolazimika kuipandisha injini. Kama yanayoendeshwa na injini ni ya nyuma, na uzito umeshahamia mbele kwa kufunga breki, yanaweza kuteleza kabisa unapoingia kona.

Wala kisigino si lazima. Wengi hukanyaga breki kwa upande wa kidole gumba, wakagusa mafuta kwa ukingo wa nje wa unyayo. Kabla ya kurekebisha pedali, gari likiwa limesimama, washa injini, kanyaga breki kwa nguvu halisi, ndipo utazame: pedali ya breki inapaswa kuwa sawa na pedali ya mafuta au juu yake kidogo. Ikizama chini zaidi, utaongeza mafuta bila kutaka.