Chupa ya amonia na joto la Amu

Kila mwaka ikikaribia pepa ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, kuna kazi moja naifanya peke yangu asubuhi mapema kabla skuli haijajaa, nachanganya amonia. Wanafunzi wao wataikuta mezani kwenye vichupa vidogo imeandikwa 2M, yaani moli mbili kwa lita, watatia matone mawili matatu kwenye chumvi iloyeyushwa wanayoichunguza wapate mashapo meupe, watazidisha waone kama yanayeyuka, yakiyeyuka ni zinki, yakikataa huenda ni aluminiamu au risasi, basi wataandika na kwenda zao. Lakini hiyo 2M imetoka kwenye chupa kubwa ya lita mbili na nusu, na hiyo chupa ni kitu kingine kabisa. Nataka niwaeleze mafundi wenzangu wa labu hasa sisi wa pwani, manake sisi tuna shida moja ambayo vitabu haviitaji.

Amonia ni gesi. Ile ya chupani ni gesi iloyeyushwa kwa maji, na maji yanaipenda sana, lita moja ya maji yakiwa digrii 20 inaweza kumeza karibu lita 700 za gesi. Sasa maji hayo hayo yakipata joto yanaanza kuitapika. Amonia ya asilimia 25 inachemka kwenye digrii 38 hivi. Ile kali zaidi ya asilimia 35 inachemka chini ya digrii 30. Hebu nenda stoo yako saa nane mchana mwezi wa tatu uangalie kipimajoto halafu urudi usome hiyo sentensi tena. Yaani kwetu Amu, kisiwani Lamu, hiyo chupa inataka kuchemka ikiwa imekaa tu kabatini, hakuna moto chini yake, kilichoizuia ni kifuniko basi. Kitabu kinakwambia "fungua kwa uangalifu" na alokiandika alikuwa na chumba cha digrii 20, kwake hilo latosha, kwetu halitoshi hata kidogo.

Mimi nilijua hivi kwa njia mbaya. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kwenye skuli ambayo siitaji, chupa ilikuja kwa basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe, ikavushwa kwa boti saa sita za mchana, imewekwa juu pamoja na magunia, jua linaipiga. Mwenye boti akanambia mwalimu, huu mzigo wako wanuka kama zizi la punda, nami nikamwambia ndio ni harufu hiyo hiyo, na kweli ni hiyo hiyo, mkojo wa punda ukilala ndio unatoa amonia, mtoto yeyote alokulia vichochoro vya Amu anaijua kabla hajafika darasa la kemia. Lakini nilitakiwa nijiulize kwa nini inanuka na kifuniko kimefungwa. Sikujiuliza. Nilifika labu nikaiweka mezani nikaifungua pale pale, uso wangu uko juu yake. Ilitoka kama soda ilotikiswa. Koo lilifunga, macho yalifunga, nilitoka kwa kupapasa ukuta, na kijana wa kidato cha tatu alokuwa ananisaidia alikuwa amesimama dirishani upande ambao upepo unaelekea, akapata kuliko mimi. Alikohoa siku mbili. Mamake alikuja skuli, hakupiga kelele, aliniuliza tu, "mwanangu, ni dawa gani hiyo mwawapa watoto?" Sikuwa na jibu la maana siku ile.

Basi hivi ndivyo nafanya sasa. Kwanza naagiza ya asilimia 25, sio 35. Kwa 2M lita moja unahitaji kama mililita 150 za asilimia 25 badala ya kama 110 za ile kali, tofauti ni ndogo na unapata chupa ambayo haichemki kabatini. Ukiagiza sema asilimia kwa mdomo na uiandike kwenye oda, ukisema amonia tu waweza kuletewa yoyote. Pili naomba ivushwe jioni au alfajiri, ikae chini kivulini, imesimama, ndani ya ndoo.

Ikifika haifunguliwi siku hiyo. Inalala. Asubuhi nachukua barafu kwa watu wa samaki, natia kwenye ndoo na maji, naizamisha chupa mpaka mabegani nusu saa nzima. Sitikisi. Naitoa meza ya nje, sio ndani, labu yetu haina lile kabati la kuvuta hewa na najua skuli nyingi hazina, kwa hiyo upepo ndio kabati letu. Manahodha wa hapa wanajua goshini, upepo unakotoka, na demani, unakoelekea, wewe simama goshini, upepo ukupige mgongoni, na upande wa demani kusiwe na mtu wala dirisha la darasa. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja upepo unakuwa mdogo sana, kusi ishachoka na kaskazi haijashika, siku kama hizo nasubiri hata masaa mawili mpaka upepo uamke. Ukishasimama vizuri weka kitambaa kibichi juu ya kifuniko, zungusha robo tu, utasikia inapumua, iache imalize kupumua, ndio ufungue yote. Uso usiwe juu ya mdomo wa chupa hata mara moja.

Kabla ya kumimina bika iwe na maji baridi tayari, amonia ndio inaingia kwenye maji pole pole huku unakoroga. Pima kwa silinda. Kuvuta pipeti kwa mdomo tusiongee kabisa. Glavu ziwe za naitraili, miwani iwe ile inayoziba pembeni, maana miwani ya kusomea gesi inapita chini na juu. Barakoa ile ya hospitali au leso haizuii gesi, inakupa moyo tu na moyo huo ndio unakufanya ukae pale muda mrefu kuliko inavyofaa. Na dada zetu wenye mtandio, ncha zifungwe nyuma, nguo ikilowa amonia inaishikilia kwenye ngozi, ivuliwe hapo hapo, heshima ya mtu itasitiriwa na koti la labu, weka moja la akiba.

Pua inakusaidia mwanzo lakini usiitegemee. Kiwango kinachokubalika kazini kwa siku ya masaa manane ni sehemu 25 kwa milioni za hewa na watu wengi wanainusa kabla haijafika hapo, lakini ukikaa nayo pua inazoea, unadhani imeisha na bado ipo. Ukifika sehemu 300 kwa milioni hapo ni kukimbia.

Macho sasa, na hapa naomba kila mtu anisikize. Asidi ikiingia jichoni inachoma juu na mara nyingi inajizuia yenyewe, amonia ni alikali, yenyewe inayeyusha mafuta ya ngozi ya jicho na kuzama ndani, haraka sana, na maumivu yakipungua sio kwamba imetoka. Dawa ni maji masafi, mengi, yanayotiririka, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole, dakika 15 kwa uchache na ukiweza nusu saa, halafu hospitali, hata kama mtu anasema naona vizuri. Usitie ndimu eti asidi itaua alikali, utaongeza moto juu ya moto. Usitie maziwa, wala mafuta ya nazi, wala wanja. Kwetu mfereji waweza kukauka wakati wowote na visima vingi ni maji ya chumvi, ndio maana mimi sifungui chupa mpaka nina jerikeni mbili za lita 20 za maji matamu zenye bomba la chini, ziko karibu, na mtu wa pili anajua ziko wapi. Jerikeni zikiwa tupu amonia haifunguliwi, hata mtihani uwe kesho.

Kwenye kabati isikae na haidrokloriki asidi. Kama unaona vumbi jeupe linarudi kila wiki juu ya chupa zako na unalifuta tu, hizo ni gesi mbili zinakutana hewani, na hilo vumbi ni nushadiri, ile ile waliyokuwa wakitumia mafundi wa kutia bati masufuria ya shaba. Ukiliona ujue vifuniko vinavuja. Isikae na iodini pia, wala mchanganyiko wa silva naitreti na amonia usiwekwe hata usiku mmoja, ukikauka unaweza kulipuka kwa kuguswa.

Na mwambieni anayesafisha. Sinki ikiwa imemwagiwa jiki halafu wewe unamwaga amonia, inatoka gesi ya kloramini ambayo inaumiza mapafu, na bi mkubwa anayesafisha hana njia ya kujua kama hujamwambia. Mimi naandika kikaratasi pale sinki siku za amonia.

Mabaki hayaendi mtaroni. Mitaro yetu inaishia baharini na amonia inaua samaki kwa kiasi kidogo sana, ile picha ya samaki amekufa kwenye lebo imewekwa kwa sababu. Nakusanya vichupa vyote baada ya pepa, naongeza maji mara kumi, natia siki pole pole mpaka karatasi ya litimasi nyekundu iache kugeuka buluu, ndio naimwaga kwenye shimo la skuli lililo mbali na kisima. Chupa kubwa iliyobaki inarudi chini kabatini, rafu ya chini kabisa, nafasi ya hewa imeachwa juu, na kifuniko nakipitia tena kesho yake asubuhi.