Hapana shemeji, lava haikuyeyusha intaneti ya Nuku'alofa

Jumamosi tulikuwa kikao cha harusi, network inasuasua, mhazini hawezi kufungua listi ya ahadi, na kama kawaida shemeji yangu akaanza: siku hizi si kila kitu setilaiti, nyie mnahangaika na mawaya baharini ya nini, kwani kule Tonga volkano si iliyeyusha waya wakawashiwa setilaiti maisha yakaendelea? Watu wakaitikia kwa vichwa. Hii ni mara ya nne au ya tano naisikia mwaka huu, na kwa kuwa pale kulikuwa na wakwe sikuweza kufoka, nimekuja kufokea hapa.

Mi ni fundi wa faiba, splaisi (kuunga nyaya) na OTDR (kipimo kinachorusha mwanga ndani ya faiba kutafuta palipokatika) ndo ugali wangu, ila ni wa nchi kavu, meli ya mkongo sijawahi kupanda. Kisa cha Nuku'alofa nimekifuatilia toka siku ya kwanza kwa sababu ni kama mtihani wa fani yetu nzima: mji mkuu wa ufalme wa Tonga huko Pasifiki, wakati ule mkongo mmoja wa kwenda nje, basi. (Ile koma ya juu sio ya ng'ombe wetu, ni sauti inayokatika kooni, msiiruke.)

Jiografia fasta. Nuku'alofa iko ufukwe wa kaskazini wa kisiwa cha Tongatapu, mji tambarare, mbele bahari, nyuma rasi ya maji ya Fanga'uta, na ile ikulu ya mbao yenye paa jekundu iko pale pale karibu na maji. Volkano ya Hunga iko baharini, kama kilomita 65 kaskazini. Mkongo unatoka Tongatapu kwenda Fiji, kilomita 827, ulianza kazi 2013, na ule wa ndani ya nchi unapanda kaskazini kwenda visiwa vya Ha'apai na Vava'u. Volkano ililipuka tarehe 15 Januari 2022 jioni, na usiku huo mji ulikuwa umefunikwa jivu na dunia nzima haiwapati.

Sasa lava. Watu wanapenda picha ya uji wa moto unatiririka chini ya bahari unalamba waya kama mshumaa. Haikuwa hivyo, na naomba mnivumilie hapa maana ndo panaponikera. Ule mlipuko ulirusha jivu na mawe mpaka kilomita 57 juu, na sehemu nzito ya lile wingu haikukaa huko, ilirudi chini, ikaporomoka moja kwa moja baharini juu ya miteremko mikali ya mlima. Mzigo wote ule ulipochanganyika na maji ukawa mkondo mzito kuliko maji yanayouzunguka, kwa hiyo unakimbia chini chini, kwenye sakafu ya bahari, kama mafuriko ya Jangwani lakini gizani na kwa spidi ya hadi kilomita 122 kwa saa, na ulienda zaidi ya kilomita 100. Hiyo spidi walikuja kuikokotoa baadaye watafiti, na njia mojawapo ilikuwa hiyo hiyo mikongo, ule wa ndani ulikufa kwanza, wa kimataifa ukafuata baadaye, unajua ulipolala, unajua ulikufa saa ngapi, unapiga hesabu. Yaani mkongo ukifa unakuwa shahidi, na hii raha ya kazi yetu sijui nimweleze nani kwenye vikao vya harusi.

Halafu jambo lililonishangaza hata mimi, mlima wenyewe kwa sehemu kubwa haukubomoka, ubavu wake ulibaki umesimama, kilichotoweka ni katikati, shimo ambalo kina chake kilikuwa kama mita 150 likawa kama 850. Kwa hiyo ukisema "mlima ulianguka ukakata waya" nayo ni uongo, mzuri kidogo kuliko wa lava. Mkongo wa bahari kuu una unene wa bomba la kumwagilia bustani, hauna haja ya kuyeyuka, tope likiupiga ubavuni unavutwa, unakatika, unazikwa.

OTDR sasa. Walipopima kutoka upande wa Nuku'alofa, kipimo kikaonyesha umekatika kama kilomita 37 toka nchi kavu, na magazeti yakaandika umekatika hapo, kama vile ni sehemu moja, unaenda unaunga unarudi. Jamani, OTDR inakuonyesha pa kwanza palipokatika! Mwanga ukifika hapo umeisha, nyuma yake kunaweza kuwa na majanga kumi hauyaoni mpaka upime upande wa pili au uende mwenyewe. Na vitabu vyetu vinasema kosa ni mita chache, mi nakwambia nimeshachimba barabara ya watu nikakuta faiba nzima kabisa, kidonda kiko mita 40 mbele kwa sababu kuna mtu aliacha mzunguko wa akiba kwenye chemba bila kuandika. Nchi kavu nachimba tena, kule chini ya bahari kosa kama hilo ni siku nzima ya meli.

Meli ya kutengeneza mkongo ilikuwa moja, Reliance, ikatokea Port Moresby, Papua New Guinea. Kufika wakakuta waya umevurugwa vipande vipande, ikabidi waweke mpya karibu kilomita 90. Kilomita 90 za akiba! Huwa haubebi akiba hivyo, akiba ni ya nanga iliyokwaruza. Na katikati ya hayo korona, ambayo ilikuwa haijaingia mtaani, ikawapata wafanyakazi wawili wa bandari Nuku'alofa, tarehe 2 Februari mji ukafungwa. Mkongo ukawaka tarehe 22 Februari. Siku 38.

Haya, setilaiti, maana najua shemeji anasoma. Ndiyo, ilikuwepo. Walitumia dishi la Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakapata 2G, narudia, 2G, simu na meseji kwa zamu, kwa kisiwa chenye watu zaidi ya 70,000. Na kulikuwa na mkataba wa setilaiti wa miaka 15 uliosainiwa 2019, baada ya mkongo kukatika mwaka huo huo wa 2019, lakini mlipuko umewakuta huduma haijawashwa sababu ya mvutano wa mkataba. Akiba ambayo haijawashwa ni picha ya ukutani. Hata ikiwaka, ile ya kizamani iko kilomita 36,000 juu, kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde, na bomba lake jembamba. Zile setilaiti mpya zinazozunguka chini, karibu na dunia, ni nzuri, sibishi, ningekuwa na hela ningeweka moja kwetu kijijini, ila kubeba nchi nzima ni habari nyingine.

Na maisha hayakuendelea. Watonga wengi wako New Zealand, Australia na Marekani, hela wanazotuma nyumbani ni zaidi ya theluthi ya pato la taifa, na hela hizo zinapita humo humo kwenye mkongo. Fikiria M-Pesa imezima halafu paa lako lina jivu na tenki la maji ya mvua ndo hilo hilo.

Sisi huku Afrika Mashariki, Mei 2024 mikongo yetu ya baharini EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja huko pwani ya Afrika Kusini, tukalia slow siku kadhaa, ila tulikuwa na njia nyingine za kuzunguka. Hapo ndo huwa nasema ongezeni mkongo, halafu napiga hesabu ya watu laki moja kulipia mkongo wa pili wa mamia ya kilomita, na wenyewe ukilala kwenye bonde lile lile la tope hujafanya kitu, na kwa kweli jibu linanishinda.

Ila shemeji, kama bado unataka kusikia raha ya kuishi kwa setilaiti, waulize watu wa Vava'u. Mkongo wao wa ndani ulirudi katikati ya 2023, miezi 18 hivi.