Mama aliyeuliza kama kobalti huzimwa jioni

"Mwanangu, jioni mkifunga kazi, hicho kilichomo humo ndani huwa mnakizima?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa makamo, siku yake ya kwanza ya tiba ya mionzi, amekwisha kulala chini ya mashine ya kobalti. Nikamjibu, "Hapana mama, hakizimiki. Tunakifunika tu." Yeye aliridhika. Mimi sikuridhika, maana swali lake limebeba karibu fizikia yote ya atomu niliyosoma. Kazi yangu ni fizikia ya tiba, yaani kupima na kukokotoa mionzi anayopewa mgonjwa wa saratani, na jibu lile lilikuwa fupi mno.

Kisichozimika ni kobalti 60, iliyozibwa ndani ya kikopo cha chuma chenye kipenyo cha sentimita 2 hivi. Kobalti ya kawaida, ile inayochimbwa, ni kobalti 59: kila kiini, yaani kitovu cha atomu yake, kina chembe za aina mbili, protoni 27 na nutroni 32, na haitoi mionzi. Ukiitia ndani ya kinu cha nyuklia, kiini kinachonasa nutroni moja zaidi kinageuka kobalti 60. Tofauti yote ni hiyo nutroni moja. Mashine ya eksirei hutoa mionzi kwa umeme, kwa hiyo ukizima swichi mionzi imekwisha. Kobalti haitegemei umeme wa ukutani, na hakuna swichi inayofika ndani ya kiini.

Kiini chenyewe ni ajabu kwamba kipo. Protoni zote zina chaji chanya, na chaji za aina moja husukumana. Kokotoa msukumo kati ya protoni mbili zilizo umbali wa femtomita 1 (gawanya milimita moja mara trilioni) utapata nyutoni 230, sawa na uzito wa kilo 23, zaidi kidogo ya debe la mahindi. Debe zima, juu ya chembe ambayo hakuna mzani wa dukani utakaoihisi! Na kobalti imezikusanya 27 mahali pamoja. Mvutano, ule unaoangusha embe, hausaidii kitu hapa: kati ya protoni mbili ni dhaifu kuliko msukumo wa umeme kwa zaidi ya mara trilioni ya trilioni ya trilioni.

Kinachozishika ni kani kali, yaani nguvu inayofanya kazi ndani ya kiini. Inashinda umeme, ila mkono wake ni mfupi: ukipita femtomita mbili tatu, haipo. Nutroni nazo hushikwa na kani hiyo bila kusukumana kwa umeme, kwa hiyo zinaongeza mshiko bila kuongeza ugomvi. Lakini zikizidi, kiini kinakuwa na nishati ambayo kingeipunguza kama nutroni moja ingegeuka protoni. Hapo ndipo ilipo kobalti 60.

Kani kali haiwezi kuigeuza nutroni kuwa protoni. Umeme hauwezi. Mvutano hauwezi. Inayoweza ni ya nne, kani dhaifu, na kwangu hii ndiyo inayostahili heshima kuliko zote ingawa vitabu vya shule huipitia haraka. Hufanya kazi kupitia chembe iitwayo W, iliyogunduliwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwaka 1983, yenye tungamo la zaidi ya mara 80 ya protoni. Kwa uzito huo, kani yenyewe haifiki mbali hata kidogo: hukomea umbali wa kama sehemu moja kwa elfu ya upana wa protoni. Ndiyo maana huchelewa. Ukiwa na kobalti 60 leo, itachukua miaka 5.27 nusu yake igeuke. Kila kiini kinachogeuka hutema elektroni, ambayo inaishia humo humo kwenye kikopo, kisha kiini kipya cha nikeli 60 hutulia kwa kutoa miali miwili ya gama. Gama hizo ndizo tiba.

Kobalti hii hii ilitumiwa na Chien-Shiung Wu, mwanafizikia mzaliwa wa China aliyefanya kazi Marekani. Kuelekea mwisho wa 1956 yeye na wenzake waliipoza karibu kabisa na sifuri halisi, baridi ya mwisho isiyopitika, wakavilaza viini upande mmoja kwa sumaku, wakatazama elektroni zinatokea wapi. Nyingi zilitokea upande mmoja kuliko mwingine. Maana yake, kani dhaifu inatofautisha kushoto na kulia, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Nobeli ya 1957 walipewa wanafizikia Lee na Yang waliotoa wazo kwamba huenda iko hivyo, Wu hakupewa. Inaniuma kila ninapowafundisha vijana wa mafunzo kwa vitendo.

Kwetu kani dhaifu ni suala la kalenda. Kobalti hupungua kwa asilimia 1.1 hivi kila mwezi, kwa hiyo kila mwezi natengeneza jedwali jipya la muda. Mgonjwa ambaye angehitaji dakika 2 chanzo kikiwa kipya, baada ya miaka mitano na miezi mitatu atahitaji karibu dakika 4 apate kiasi kile kile. Nikisahau kusahihisha, anapungukiwa dozi na uvimbe unabaki. Hakuna hesabu ninayoirudia mara nyingi kama hiyo.

Kwa hiyo mama, usiku tukiwa tumelala, ndani ya kifuniko kile cha madini ya risasi nutroni zinaendelea kugeuka, mamia ya trilioni kila sekunde. Siku chanzo kitakapobadilishwa, sehemu kubwa ya kobalti 60 iliyoletwa itakuwa imekwisha kuwa nikeli, na nikeli hiyo haina mionzi tena.