Friji haiui hamira, tuelewane leo

Wiki hii tena. Dada mmoja wa Odense, hapa Denmark, kaniandikia inbox kwamba alitengeneza rundstykker za usiku, yaani skonzi za Kidenmaki ambazo donge lake linalala friji, asubuhi kafungua friji kakuta donge limelegea halina mpango, akaamua hamira imekufa kwa baridi, akamwagia hamira nyingine na sukari na maji ya moto, akaongeza unga mpaka likaacha kunata vidoleni, halafu ananiuliza mbona zimetoka ngumu. Dada yangu usinichukie, sikusemi wewe peke yako, swali hili naletewa kila mara na majibu yangu yameanza kuwa mafupi mpaka watu wanadhani nimekasirika. Sijakasirika. Kidogo tu.

Hamira inauliwa na joto. Ikifika nyuzi 55 kwenda 60 imekwisha, na wengi mnaiua kwa hayo maji mnayoyaita ya uvuguvugu, mmeyapima kwa macho na birika limetoka kuchemka sasa hivi. Kwenye nyuzi 4 au 5 haifi, inafanya kazi taratibu mno basi. Halafu hapa Denmark hamira mbichi yenyewe, ile pakiti ya gramu 50, inauzwa kwenye friji la duka! Umeitoa kwenye baridi, umeileta nyumbani, sasa unaogopa itapata baridi.

Mambo ya sukari na maji moto yametoka kwenye hamira kavu ya zamani ya kulowekwa, ile chembe zake zina ganda la hamira iliyokufa kwa nje, lazima uiamshe kwanza. Hamira mbichi haihitaji, unaimegea tu kwenye maji baridi ya bomba. Hamira ya chenga ya siku hizi nayo haihitaji, changanya na unga moja kwa moja. Chakula haikosi, unga una vimeng'enya vyake vinavunja wanga kuwa sukari usiku kucha, ndiyo maana skonzi hizi zinapata rangi nzuri bila kijiko hata kimoja cha sukari. Najua sisi tumekulia maandazi, na maandazi yanataka hamira ya kutosha na sehemu ya joto, ni kweli, lakini sababu mojawapo ni hiyo hiyo sukari, ikizidi inavuta maji na kuipunguza hamira kasi. Hata hveder za hapa, zile skonzi za iliki ambazo watu wanazikata na kuzichoma jioni ya kuamkia Store Bededag, siku kuu ya maombi (sikukuu yenyewe imefutwa kuanzia 2024 ila hveder zinaliwa vilevile), zina maziwa, siagi na sukari, kwa hiyo hamira yake ni nyingi. Rundstykker hizi za usiku siyo ukoo huo. Unga, maji, chumvi, hamira.

Vipimo haraka haraka: maji baridi gramu 500, hamira mbichi gramu 5 mpaka 10 au ya chenga nusu kijiko cha chai, chumvi gramu 12, unga wa ngano wenye nguvu gramu 500, grahamsmel (unga wa ngano nzima uliosagwa kwa chenga) gramu 100. Koroga na mwiko dakika chache, funika, friji mpaka asubuhi. Oveni nyuzi 230, dakika 15 mpaka 18. Mbegu juu, ufuta au alizeti au birkes (mbegu za mpopi), mtajua wenyewe.

Sasa pale penye friji ndipo napotaka tukae, maana hata wanaoniunga mkono wanakosea. Watu wanaamini donge linaumuka usiku kucha kwa mwendo uleule mdogo mdogo. Hapana. Donge la kilo moja na zaidi halipoi mara moja, kati yake inabaki na joto saa kadhaa, na kuumuka kwingi kunafanyika humo mwanzoni kabla baridi haijafika katikati. Kwa hiyo ukitumia maji ya baridi sana, hamira gramu 5, bakuli la bati, na friji yako inapiga nyuzi 3, asubuhi utakuta limeumuka kidogo mno na hiyo siyo maiti. Liache mezani saa moja au mbili uone. Mwingine katumia maji ya vuguvugu, bakuli la plastiki, friji inafunguliwa na watoto kila dakika, yeye asubuhi anakuta donge limebeba mfuniko. Resipe moja, nyumba mbili, matokeo mawili, na wote wawili wanakuja kwangu, mmoja ananiambia punguza hamira mwingine ongeza. Kwa nyinyi wa Dar au Mombasa ambako jiko lenyewe linagonga nyuzi 30, tumieni maji yaliyokaa na barafu na hamira ndogo kabisa, donge likiingia friji lina joto litamaliza safari yote kabla halijapoa.

Halafu kunata. Linatakiwa kunata! Maji gramu 500 kwa unga 600, ulitegemea nini? Hizi hazisukumwi wala haziviringwi kama chapati, unachovya vijiko viwili kwenye maji unachota unadondosha kwenye trei, zinakaa vibaya vibaya, zinatoka na sura ya mawe na ndivyo zilivyo. Usiku mzima unga unakunywa maji na gluteni inajijenga yenyewe bila wewe kukanda, na baridi inalikaza donge liweze kuchoteka. Kila konzi ya unga unayoongeza asubuhi haijapata muda huo, inakaa mbichi humo ndani na kukupa skonzi kavu ambayo jioni unaweza kuvunjia kioo.

Mkinitajia skonzi za dukani, zile nyeupe zenye ganda linalovunjika na ndani hewa tupu, ambazo watu wananunua Jumapili asubuhi au kupeleka kazini Ijumaa, hizo ni habari nyingine. Sisi kazini hapa Aarhus tuna kabati la kuumulia lenye joto na unyevu, tuna oveni inayopuliza mvuke, mashine inaviringa. Nyumbani hutazipata zile, usihangaike. Watu wanasema weka trei ya maji ya moto chini ya oveni, mimi naweka, inasaidia kidogo, lakini oveni nyingi za nyumbani zinatoa mvuke nje ukigeuka tu, siwezi kukuapia.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, hii hadithi ya kwamba usiku mmoja wa friji unaleta ladha ya ajabu, wapishi tunaitia chumvi. Usiku mmoja kwenye nyuzi 4 unaleta tofauti, ukizilinganisha na zile za hamira gramu 50 zilizoumuka saa moja, zinazonukia pombe, utaijua, ila ladha nyingi inatoka kwenye grahamsmel na chumvi. Siku mbili ndipo naanza kuisikia kweli. Faida kubwa ya friji ni kwamba hulazimiki kuamka saa kumi alfajiri. Vilevile kuhusu kuziacha kwenye trei nusu saa kabla ya kuoka, mapishi ya hapa yenyewe hayaelewani, mengine yanasema zitoke friji ziingie oveni. Nimefanya vyote viwili na ukinifunga macho sidhani kama ningezitofautisha.

Zikitoka ziache zipoe dakika kumi, najua hamtaziacha. Siagi iwe nyingi mpaka ukiuma meno yaache alama, hivyo ndivyo wenyewe wa hapa wanavyokula, halafu chizi, au kile kipande chembamba cha chokoleti kama una watoto. Mwenye maswali aulize, ila aseme kwanza friji yake ina nyuzi ngapi.