Baba A, mama B, mtoto O: jibu liko kwenu wote wawili

Kila Januari, wazazi wanapojaza fomu za shule za bweni, maabara ninayofanya kazi hapa Nairobi hupokea watoto wengi wa kupimwa kundi la damu. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: matone ya damu kwenye kigae cheupe, dawa ya kupimia, unachanganya, unatazama kama chembe zimeshikana. Kazi huanza majibu yakitoka. Baba anaisoma karatasi, anairudia, kisha anasogea dirishani na kuuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, mimi ni A. Mama yake ni B. Huyu O ametoka wapi?"

Ametoka kwenu wote wawili. Nalijibu swali hili kwa uangalifu kila mara, kwa sababu najua karatasi ndogo kama hiyo inavyoweza kuvuruga nyumba yenye amani.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya ABO, yaani maelekezo ya kurithi yanayoamua kundi la damu, kwenye kromosomu ya 9, moja ya baba na moja ya mama. Jeni hiyo huja kwa sura tatu. Sura ya A hutengeneza kimeng'enya (enzaimu) kinachobandika sukari fulani juu ya chembe nyekundu za damu. Sura ya B hubandika sukari nyingine, inayotofautiana kidogo tu na ile ya kwanza. Sura ya O, kwa kawaida, ni jeni ya A iliyopoteza herufi moja ya DNA. Kimeng'enya chake kimeharibika, hakibandiki kitu. Ndiyo maana mtu mwenye A upande mmoja na O upande wa pili hupimwa akaonekana A. Dawa yetu inaona sukari iliyoko juu ya chembe. Nakala ya O haiachi alama yoyote ya kuonwa.

Sasa mweke baba mwenye A na O pamoja na mama mwenye B na O. Kila mmoja humpa mtoto nakala moja tu, na haichaguliwi. Mtoto anaweza kuwa AB, A, B au O, kila kundi kwa nafasi ya robo. Kila mimba huanza hesabu upya, kwa hiyo kifungua mimba akiwa O, mdogo wake bado ana nafasi ileile ya kuwa O.

Wala si jambo la nadra hapa kwetu. Karibu nusu ya Wakenya ni kundi O, yaani nakala za O zimeenea mno katika koo zetu. Watu wengi wa kundi A au B unaokutana nao katika matatu wamebeba O bila kujua. Na mzazi wa AB akizaa na wa O, watoto watakuwa A au B, hakuna hata mmoja atakayefanana na mzazi yeyote kwa kundi. Walimu wa baiolojia, tafadhali msiwatume wanafunzi nyumbani kuuliza makundi ya wazazi wao kabla hamjawafundisha haya yote.

Yapo majibu yanayotushtua hata sisi: wazazi wawili wa O na mtoto wa A, au mzazi wa AB na mtoto wa O. Hapo cha kwanza ni kupima upya wote, kwa damu mpya. Chupa huchanganywa, kadi za zamani huandikwa vibaya, na sukari za A na B huwa bado dhaifu kwa mtoto mchanga. Kisha kuna hali adimu. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay, India, walieleza watu waliokosa H, msingi ambao sukari za A na B hubandikwa juu yake. Mtu wa aina hiyo hupimwa akaonekana O, ilhali anaweza kumrithisha mtoto wake A au B.

Kundi la damu basi linaweza kutia shaka, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba fulani ndiye baba; wanaume wa kundi hilohilo ni mamilioni. Katika kesi ya mwigizaji wa filamu Charlie Chaplin huko Marekani, aliyedaiwa kuwa baba wa mtoto, yeye alikuwa O, mama A, mtoto B. Damu ilimwondoa, ila mwaka 1945 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba ndiye baba. Leo mwenye shaka ya kweli apime DNA, na kwanza azungumze na mwenzake.

Rh, ile chanya (+) au hasi (-) inayoandikwa baada ya kundi la damu, hurithiwa peke yake, kupitia kromosomu ya 1. Wazazi wawili walio chanya wanaweza kumzaa mtoto hasi, ikiwa kila mmoja amebeba nakala hasi. Nikiwa na dakika moja tu na familia, naitumia hapa. Mama mwenye Rh hasi akibeba mimba ya mtoto chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto, na mara nyingi anayeumia ni wa mimba inayofuata. Mama, fungua kitabu chako cha kliniki uone Rh yako. Ikiwa ni hasi, muulize muuguzi kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili kutengeneza kingamwili hizo: hutolewa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Mimba ikiharibika pia, nenda hospitali ukawaambie kwamba wewe ni hasi.