Sonona: ugonjwa ambao Waafrika waliambiwa hawana

Mama aliyeketi mbele yangu alikuja na bahasha nene. Ndani mlikuwa na majibu ya malaria, ya taifodi, ya sukari, na picha ya kichwa. Vyote safi. "Kichwa kinawaka moto, daktari, na usiku ni kama wadudu wanatembea utosini." Nikamuuliza kazi yake, akasema anauza vitumbua. Nikamuuliza biashara inaendaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mchele anauloweka jioni kama kawaida, ila asubuhi hana nguvu ya kuupeleka mashineni. Unachacha, anaumwaga. Mwezi wa tatu huo. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.)

Mama huyu alikuwa na sonona, ambayo wengine huiita mfadhaiko au unyogovu. Neno hilo hakulitaja, nami sikutegemea alitaje. Wagonjwa wetu wengi huanza na mwili: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, kuchoka bila kazi. Au husema tu, "nina mawazo." Kutoisikia lugha hii ndiko kulikoipotosha taaluma yetu kwa muda mrefu.

Hali yenyewe ni ya kale. Waganga wa Ugiriki waliihusisha na wingi wa nyongo nyeusi mwilini. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanazuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi alikwisha kutenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na ile inayomshukia mtu pasipo sababu anayoweza kuitaja, akaona kila moja inahitaji tiba yake. Lakini huku kwetu, mwaka 1953, J. C. Carothers, daktari aliyewahi kusimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi, alichapisha kupitia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichodai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Alihusisha tofauti alizodhani kaziona na namna ubongo wetu unavyofanya kazi.

Fikiria aliwaona akina nani. Waliofikishwa Mathari enzi za ukoloni wengi walikuwa wale waliovuruga amani. Mtu anayejifungia chumbani, haongei, hali, hamsumbui polisi wala chifu. Nani angempeleka? Dharau ya kikoloni ilikutana na hesabu mbovu, na madai hayo yakafundishwa kama elimu.

Waliotoka nje ya kuta za hospitali waliona mengine. Margaret Field, aliyefanya utafiti kwenye mahekalu ya waganga nchini Ghana, aliwakuta wanawake wengi waliojishutumu wenyewe kuwa wachawi, wakiamini wamewaua watoto wao. Kwake yeye hiyo ilikuwa sonona, imevaa vazi la mahali pale. Mwaka 1979 watafiti John Orley na John Wing walichapisha matokeo kutoka vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwa nyingi kuliko walivyoikuta kusini-mashariki mwa London. Haikuwa imehamia Uganda jana. Safari hii watu waliulizwa nyumbani kwao.

Dawa nazo zina historia ya bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, New York, wagonjwa waliopewa iproniazidi walichangamka kupita matarajio, ingawa dawa ililenga mapafu. Nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alikuwa akitafuta dawa ya skizofrenia, ugonjwa mwingine mzito wa akili, alipogundua kwamba imipramini inawainua wenye sonona; alitangaza hayo mwaka 1957. Amitriptilini, ambayo bado tunaiandika katika vituo vingi, ni ya ukoo huo. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na pamoja nayo yakaenea maelezo kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu, kemikali mojawapo ya ubongo. Leo tunajua maelezo hayo ni mepesi mno. Dawa huwasaidia wengi, hasa sonona ikiwa kali, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa, na kuiacha ghafla bila kumwona daktari ni kujitafutia matatizo.

Kinachonipa moyo zaidi ni kazi iliyofanyika Masaka na Rakai, Uganda. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanaitaje hali hii, kisha wakawafundisha watu wa huko huko, wasio madaktari, kuongoza vikundi vya mazungumzo kila wiki kwa wiki 16: msiba, ugomvi nyumbani, maisha yaliyobadilika ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwanzoni, 86 kati ya kila 100 katika vijiji vilivyopata tiba walikuwa na dalili za sonona kubwa. Mwishoni walibaki kama 7. Katika vijiji ambavyo havikupata, walitoka 94 hadi 55. Zimbabwe nako, tangu 2006, mabibi waliofundishwa huketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Washona huiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Je, si hayo "mawazo" yetu?

Sheria pia inaanza kusogea: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji daktari, si mahabusu. Na ukimhofia ndugu yako, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake. Mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wengine, kama huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kumedumu wiki mbili au zaidi, karibu kutwa nzima, nenda kituo cha afya kilicho jirani. Ukifika, usiishie kwenye kichwa. Sema unaamka saa nane usiku na hulali tena. Sema chakula hakipiti. Sema na habari za mchele unaochacha.